Betri ya gari la shemeji niliichomoa likiwa bado linanguruma

Wakuu, poleni na majukumu. Akina mama mliomo humu, nawasalimu kipekee.

Nimetoka kusoma uzi wa yule kijana mwenye gari la spoti, anayeuliza afanye nini betri isife wakati gari limepaki muda mrefu. Nimesoma na majibu yenu. Karibu wote mmemwambia kitu kimoja: liwashe kila asubuhi, liache lingurume kidogo, zima, nenda zako.

Mmoja akaongeza kwamba hata ndani kwa ndani sawa tu, hana haja ya kulitoa nje.

Huyo mmoja nimemtukana kimoyomoyo. Kama si sheria za jukwaa ningemtukana kwa maandishi.

Ndiyo maana nafungua uzi. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kuna sehemu hata mimi nikizikumbuka mchana kweupe nageuka kuangalia nyuma, lakini sitazipunguza ili nionekane nina akili. Anayetaka kubisha abishe nikishamaliza.

Naanza na siku niliyochoka.

Ilikuwa asubuhi, Mpanda, miaka ya tisini, enzi hizo bado tuko mkoa wa Rukwa. Nilikuwa mama kijana, mwanangu wa kwanza, Sesilia, bado hajajua kukaa vizuri. Nilitoka kuchota maji. Narudi, ndoo kichwani, nasikia gari linanguruma ndani ya nyumba. Hilo lilikuwa la kila siku.

Naingia chumbani, kitandani Sesi hayupo. Hilo halikuwa la kila siku.

Nikasukuma mlango wa chumba cha gari kwa bega. Milango mikubwa ya nje imefungwa. Moshi haukuwa mwingi, msidhani niliona wingu. Ilikuwa harufu tu na uzito, kama mtu amekuwekea mkono juu ya kichwa.

Mama mkwe amekaa kwenye kigoda, kanga begani, anatabasamu. Shemeji Masanja yuko mbele, boneti iko wazi, ana spana mkononi.

Na mwanangu yuko ndani ya gari. Kiti cha dereva. Amelazwa juu ya mto, amefunikwa shati kubwa la kiume. Midomo myekundu kuliko kawaida yake. Hatikisiki.

"Usimwamshe," Mama akasema, taratibu kabisa. "Amepakatwa na baba yake mkubwa."

Wakuu, sikumbuki kutua ndoo. Walisema baadaye niliitupa. Nilimtoa mtoto, nikapiga teke komeo la milango ya nje, nikamlaza kwenye majani penye upepo. Nikamwita. Nikampiga makofi ya nyayo. Akakaa kimya muda ambao mpaka leo sijaumaliza.

Kisha akakohoa. Akalia.

Nikamkabidhi kwa jirani yangu Mama Evodia aliyekuwa ameshafika kwenye ua kwa sababu ya kelele zangu. Nikarudi ndani.

Masanja alikuwa ameacha spana juu ya gari. Asubuhi ile lilisumbua kuwaka, kwa hiyo alishafungua mkanda wa betri na alikuwa anasafisha vichwa vyake. Nikashika spana, nikalegeza waya mmoja, nikachomoa. Cheche ikaruka. Nikachomoa wa pili. Nikaikumbatia betri kama mtoto mwingine, nikainyanyua kutoka mahali pake.

Na gari likaendelea kunguruma.

Nimesimama na betri yake mikononi. Moyo wake nimeushika mimi. Na lenyewe linanguruma, sauti ileile, tena kama limepandisha kidogo.

Masanja alitoka mbio mpaka barabarani, mwanaume mzima mwenye ndevu.

Mama mkwe hakukimbia. Aliangalia betri, akaangalia gari, machozi yakamtoka huku anacheka. Akasema, "Mnaona? Yupo."

Sasa nirudi nyuma mnielewe.

Aliyeolewa ni mimi, nilitoka Ufipani, nimemaliza form four nikakosa nafasi ya kuendelea. Mume wangu, Baba Sesi, ni Msukuma, wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini wakaweka mashamba Mwamkulu. Msimu wa mpunga na wa malisho yeye yuko Mwamkulu, mimi nabaki nyumba ya mjini na mama yake na mdogo wake Masanja.

Kaka yao mkubwa ni Lukas. Huyo ndiye mwenye gari.

Lukas alikuwa mtu wa kusafiri na kuuza vitu. Siku moja alirudi na treni, na nyuma, kwenye behewa la wazi, kuna gari. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama mjusi. Mji mzima ulijaa stesheni. Hata wa Kakese walikuja na baiskeli kuangalia.

Kilichowamaliza watu ni taa. Zilikuwa zimejificha ndani ya boneti, huzioni. Ukizibonyeza zinafumbuka, moja huku moja kule, kama macho ya mtu aliyeamshwa. Watoto walikuwa wanapiga kelele na kurudi nyuma.

Sasa gari la hivyo na barabara zetu. Kutoka stesheni mpaka nyumbani liliburuza tumbo njia nzima, mashimo, mawe, mitaro. Lukas alikunja uso mpaka anafika. Tangu siku hiyo halikwenda popote. Halikuwa na pa kwenda.

Akaogopa mvua, akaogopa kuku, akaogopa vidole vya watu. Akabomoa ukuta wa mbele wa sebule, akaweka milango mikubwa ya mbao, gari likalala ndani ya nyumba. Sisi tukahamia kupokea wageni uani.

Chumba changu kilikuwa pembeni yake. Na nyumba zetu zile mnazijua: hakuna dari. Kuta zinaishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, juu bati tupu. Ukikohoa chumba hiki, unapewa pole chumba cha tatu. Hewa ni moja.

Shikeni hapo kwenye hewa moja.

Lukas akasafiri tena. Safari hii alisema Afrika Kusini, kule kumefunguka, ana rafiki. Akamwachia Masanja ufunguo. Agizo lake lilikuwa moja, alilisema mbele yetu sote akiwa ameshika begi: "Betri yake huku haipatikani. Liwasheni kila siku asubuhi. Lisije likafa kabla sijarudi."

Basi. Mtu kasema neno la kawaida la gari.

Mwanzo barua zilikuja. Kisha zikachelewa. Kisha hazikuja.

Na kadiri barua zilivyokauka, ndivyo Mama alivyolishika lile neno. Sijui lini hasa liligeuka. Najua tu kwamba ilifika mahali pale nyumbani asubuhi hakuna anayesalimia mtu kabla gari halijanguruma. Unaamka, unakaa kimya, unasubiri. Masanja anaingia, anafunga milango kwa ndani ili majirani wenye macho mabaya wasione, anawasha. Likinguruma, Mama anavuta pumzi, ndipo anasema, "Ameamka. Haya, mmeamkaje?"

Likikataa mara ya kwanza, anashika tumbo.

Mnaelewa? Kwake yeye ile haikuwa betri. Ile ilikuwa Lukas.

Akawa anakaa humo na kigoda chake mpaka lizimwe. Anaongea nalo. Anamweleza habari za ng'ombe, nani kaoa, mvua imekuwaje. Masanja akishawasha anatoka nje kupiga mswaki. Kila siku. Nikimwuliza mbona hakai, anasema harufu inamuumiza kichwa. Kumbukeni hilo pia, mtaliona tena.

Mimi saa hiyo niko kisimani au jikoni uani. Sesi amelala chumbani.

Mambo yakaanza kidogo kidogo.

Kuku aliyekuwa anaatamia nyuma ya gurudumu alikutwa amekufa juu ya mayai, hana jeraha, macho wazi. Mijusi wa kwenye bati wakaanza kudondoka. Nafagia asubuhi nawakuta sakafuni, wakavu, matumbo juu. Mama akasema nyumba inajisafisha.

Kisha Sesi. Akawa anaamka amelegea kama nguo. Anatapika. Anakataa ziwa. Kichwa kinaangukia begani kwangu. Nambeba mgongoni natembea naye mpaka zahanati, nafika pale, mtoto ameshafumbua macho, anavuta hereni za watu. Nesi anamgeuza, anamsikiliza, ananiangalia mimi kama ndiyo mgonjwa. Anatoa klorokwini tukanywe nyumbani.

Nyumbani kesho yake, yaleyale.

Mama alikuwa na jibu. "Nyumba inamkataa, mayu," akaniambia. Akitaka kunibembeleza alikuwa ananiita hivyo, mayu, kwa Kisukuma, kama vile mimi ndiye mama yake. "Mtoto wa kwanza wa ukoo hajapakatwa na baba yake mkubwa. Kwetu mtoto asiyepakatwa na mkubwa wa nyumba hajafika."

Ni kweli wana desturi hiyo. Mtoto akizaliwa, kaka mkubwa wa baba anampakata, anamtaja jina mbele ya watu. Sesi alizaliwa Lukas hayupo. Desturi ilisubiri.

Nikamwambia apakatwe na Masanja. Akasema Masanja si mkubwa wakati mkubwa yupo. Nikasema mkubwa hayupo. Hapo uso wake ulibadilika, na nikajua neno hilo katika nyumba ile halisemwi.

Akamfukiza mtoto badala yake. Tulijifunika kanga mimi na yeye na Sesi, moshi wa majani chini. Kumwongezea moshi mtoto anayekufa kwa moshi. Nikikumbuka natamani kuvunja kitu.

Sasa sehemu ya kubisha.

Asubuhi moja Sesi alikuwa hoi kiasi sikwenda kuchota maji. Nilibaki naye kitandani. Gari likawashwa upande wa pili wa ukuta. Nikasikia Mama anaongea kama kawaida yake. Kichwa kikaanza kuniuma, masikio yakavuma.

Kisha nikasikia anajibiwa.

Sikusikia maneno. Nilisikia tu namna ya maongezi, mmoja anasema, mwingine anaitikia kwa sauti nzito ya puani. Masanja alikuwa nje, namsikia anasukutua.

Nikainuka nikachungulia kwenye tundu la mlango. Ndani ya gari, kiti cha dereva, kuna mtu amekaa. Namwona kisogo na bega. Shati limemganda mwilini.

Kichwa kikaanza kugeuka taratibu kuja kwangu. Sikusubiri. Nilimnyakua Sesi nikatokea mlango wa uani nikakaa chini ya jua nikitapika.

Sikumwambia mtu. Sio Mama, sio mume wangu, sio Mama Evodia. Ningesema nini? Mke kutoka Ufipani amemwona shemeji ambaye hayupo. Wangesema nimekuja naye mwenyewe kwenye mkoba. Mnajua jina tulilonalo la uchawi.

Mume wangu alipokuja kuleta mchele nilimweleza habari za mtoto tu. Akasema tusubiri mpunga uishe. Akasema Mama ni mama. Akapanda baiskeli.

Kilichonifumbua ni mvua.

Masika ile maji yalikata reli upande wa Kaliua. Treni hakuna. Treni ikikosekana Mpanda ya wakati ule, kila kitu kinakosekana: sukari, sabuni, petroli. Masanja alizunguka na dumu mji mzima akarudi nalo tupu. Gari likanyamaza.

Mama aliugua. Alilala kifudifudi, hali, hasalimii. Asubuhi zikawa kimya cha msiba.

Na Sesi akapona. Alinyonya. Alinenepa. Akaanza kukaa. Alicheka na mijusi, maana hata mijusi walirudi kwenye bati.

Nilikuwa namwosha, namwangalia anavyopiga maji, nikasikia kama mtu amefungua dirisha kichwani. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa kemia, form three, akitueleza habari za jiko la mkaa na chumba kilichofungwa. Ile hewa isiyo na rangi, kaboni monoksaidi. Haikupigi, inakubembeleza. Unalala.

Gari likinyamaza, mtoto mzima. Gari likinguruma, mtoto maiti. Hata kuku alishatuambia.

Katika ukimya ule, kitu kingine. Betri ilikuwa inaisha. Naingia asubuhi kufagia, jicho moja la gari limefumbuka. Moja tu, la kushoto, nusu, kama mtu anayejifanya amelala. Hakuna aliyegusa, ufunguo uko shingoni kwa Masanja. Nilimaliza kufagia nikiwa nimelielekezea uso, sikuligeuzia mgongo.

Mama aliposikia alinyanyuka kitandani kwa mara ya kwanza. Akasema, "Anatutafuta."

Jioni ileile Masanja alinikuta nimekaa uani, nikamweleza yote. Hewa, ukuta, kuku, mtoto. Nikamwambia kwa heshima kabisa: petroli ikija, tulisukume nje kwanza ndipo uliwashe. Au fungueni milango. Au toeni betri mkaiweke pakavu, mwenye gari akija atairudisha.

Akaniuliza hayo nimeyapata wapi. Nikamwambia shuleni.

Akacheka. "Shemeji, shule imekuharibu. Gari la watu unalitoa moyo halafu unasema litakuja kuwa zima?"

Nikamwuliza, "Mbona wewe ukiliwasha unakimbilia nje?"

Aliniangalia, kisha akaangalia chini. Nikajua. Labda gesi hakuijua kwa jina. Lakini mwili wake ulijua, na miili yetu akaiacha ndani.

Nikamweleza na Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani nimeeleweka. Akasema, "Kwa hiyo unataka tulizime."

Treni ikaja. Nilisikia honi yake niko sokoni na sikufurahi, mimi peke yangu katika watu wote wanaoshangilia sukari. Kesho yake asubuhi nikaenda kuchota maji, nikimwacha Sesi mzima, amelala, mlango wa uani nimeuacha wazi makusudi ili hewa iingie.

Yaliyofuata nimeshawaeleza. Mama alimchukua mtoto akampeleka kupakatwa.

Kwa hiyo tuko pale. Gari linanguruma bila betri, Mama anacheka na machozi, mimi nimekumbatia lile dude.

(Miaka mingi baadaye nilielezwa kwamba gari likishawaka linajiendesha kwa umeme wa dinamo yake, betri ni ya kuwashia. Sawa. Kielezeni mtakavyo. Siku ile hapakuwa na wa kunieleza.)

Ufunguo ulikuwa palepale kwenye gari. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kuuzungusha. Nilitoka nikaliacha linanguruma, milango wazi, jicho la kushoto limefumbuka. Lilinguruma mpaka lilipomaliza petroli.

Nikaviringisha kanga, nikajitwika betri kichwani, nikaelekea ofisi ya kata. Mama Evodia nyuma yangu na Sesi mgongoni kwake. Yeye ni wa zile familia zilizotoka Burundi, ameona makubwa kuliko betri, haogopi hovyo. Kimya kimya tunatembea, watu wanatoka madukani. Akasema, "Mama Sesi, ukichoka niambie nikupokee. Ila usiniambie ni nini nimebeba."

Nilicheka, jamani. Niko na asidi inanitiririka begani, imetoboa kanga, kovu ninalo mpaka leo, na nilicheka.

Nikaitua mezani kwa mtendaji. Akaniomba niishushe chini, inatoboa karatasi zake. Nikasema nimekuja kulalamika rasmi, liandikwe, lipigwe muhuri.

Akaniuliza nani mlalamikiwa.

Mlalamikiwa nani? Mama mkwe wangu? Kwetu na kwao, mkwe humshtaki. Masanja? Alikuwa anatumwa. Gari? Gari halina jina la baba.

Wakati huo Masanja na Mama wakawa wamefika mlangoni, wanahema, wamenifuata.

Nikasema, "Andika Lukas."

Masanja akadakia huwezi kumshtaki mtu hayupo. Mtendaji akaweka kalamu. Akauliza kistaarabu tu, kazi yake:

"Hayupo kwa maana ya amesafiri, au hayupo?"

Wakuu, swali ambalo nyumba nzima ilikuwa inalikimbia kila asubuhi, mtu wa serikali ameliuliza kama anayeuliza jina la mtaa. Masanja aliangalia ukuta. Mimi niliangalia betri.

Mama akaingia ndani. Akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Akasema:

"Andika, baba. Aitwe. Mimi nimemwita nimechoka."

Ikaandikwa.

Wito ulibandikwa, ukasomwa, hakuja mtu. Ukasomwa tena. Gari lilisukumwa na vijana mpaka nyuma ya nyumba, lile jicho la kushoto halikufumba tena, na watu wakahamisha njia yao ya mkato. Betri ilikaa ofisini kama kielelezo, na mgambo wa pale aliomba iwekwe chumba kingine, hakusema sababu.

Siku wito wa mwisho ulipopita, nilimkuta Mama uani ananyoa nywele. Peke yake, na wembe, bila kioo. Mnajua kunyoa kwa msiba maana yake. Nikachukua wembe nikammalizia nyuma ambako mkono haufiki.

Akaniuliza bila kugeuka, "Mayu. Siku ile ulipochungulia. Naye kwako alikuwa amelowa?"

Sikuwahi kumwambia kwamba nilichungulia. Sikuwahi kumwambia mtu.

Nikasema, "Alikuwa amelowa, Mama. Shati limemganda."

Akaitikia kwa kichwa. Tukaendelea kunyoa.

Najua hewa ile inaonyesha watu vitu. Nimesoma, najua. Anayejua inavyowaonyesha watu wawili kitu kimoja, asubuhi tofauti, pande mbili za ukuta, anieleze.

Lukas hakuonekana tena wala habari yake. Sesi yuko hai, ni mama wa watoto, harufu ya gari ikimpata kwenye foleni anafungua kioo upesi na hajui kwa nini.

Sasa wewe kijana wa betri. Kulingurumisha gari muda mfupi papo hapo hakujazi betri, kuliwasha tu kunaila. Maana yake hata lile tulilokuwa tunauliwa kwa ajili yake halikuwa linafanyika. Legeza waya wa negative, au itoe kabisa, iweke pakavu, uichaji mara moja moja kwa chaja. Ukiwa lazima uliwashe, lisukume nje. Nje ni nje, si mlango nusu. Na uulize kwanza nani amelala upande wa pili wa ukuta.

Na nyie mlioachiwa vitu na watu walioondoka, semeni na nyie mnavitunza kwa ajili ya nani. Nitasoma yote. Matusi pia nitayajibu.

Malalamiko yenyewe nakala ninayo, nayaweka hapa kama yalivyopigwa chapa.

KWA: BARAZA LA KATA.

MLALAMIKAJI: Mama Sesilia, mke katika nyumba hiyo.

MLALAMIKIWA: Lukas, mwenye gari. Mahali alipo: mama yake mzazi, mbele ya ofisi hii, amesema hapajui.

YAH: GARI KUNGURUMISHWA NDANI YA NYUMBA YENYE MTOTO.

Mlalamikiwa alisafiri akaacha gari ndani ya nyumba tunamolala, akaagiza liwashwe kila asubuhi ili betri isife. Agizo hilo linatekelezwa mpaka leo. Moshi wake unapita juu ya ukuta na kumwingia mwanangu Sesilia, ambaye leo nimemtoa ndani ya gari hilo hana fahamu.

Sina shauri na mama mkwe wangu. Sina shauri na shemeji yangu Masanja, ingawa yeye moshi huo anaukimbia. Betri nimeileta mwenyewe, ipokelewe.

Naomba mlalamikiwa aitwe. Akija, alitoe gari lake kwa mkono wake, na mtoto ampakate nje, juani, kama baba mkubwa anavyopakata.

Asipokuja, naomba Baraza limwondolee mama yake agizo la kumngoja.